Mchoraji Naye Hula

Nataka kusema neno juu ya kazi ya kuchora kwa malipo. Nasema na ninyi mlio bado madarasani, na zaidi nasema na sisi wanafunzi wa zamani, maana ugonjwa wenyewe umo kwetu.

Tangu nilipoondoka shuleni nafanya kazi hii hapa Jinja, na mara kwa mara huenda Mbale kwa wateja wangu. Sina ofisi wala tajiri wa kunilipa mshahara. Nina kompyuta moja, simu, daftari na penseli. Watu huniletea haja zao: kadi za arusi na za kwanjula, nembo ya duka la ushonaji, picha ya mzazi ichorwe kwa penseli na kutiwa fremu, fulana za sherehe. Hizi ni kazi za mtu mmoja mmoja, si za makampuni makubwa, na vijana wengi wa mashariki ya Uganda wangeweza kupata riziki kwazo. Lakini wengi hawaipati, kwa sababu ya neno moja tu: "Nifanyie, ndugu yangu, si tulisoma pamoja?"

Maoni yangu ni haya. Anayetaka mchoro kwa mwenzake na alipe bei ile ile alipayo mgeni, tena nusu yake aitoe kabla penseli haijagusa karatasi.

Wako wasemao kwamba kuchora ni kipaji cha Mungu, na kipaji hakiuzwi. Naam, kipaji ni cha Mungu, lakini umeme twaulipia. Siku ya arusi mpishi hulipwa, mpiga muziki hulipwa, hata mwenye viti vya kukodi hulipwa. Mbona mchoraji peke yake apewe asante?

Tazameni kadi ya arusi inavyofanywa. Kwanza nakaa na bwana arusi na bibi arusi nisikie watakavyo. Kisha nachora namna mbili tatu. Wao huzipeleka kwa wazazi. Shangazi husema rangi si hiyo, baba husema jina la ukoo limekosewa, nami narudia. Halafu yapasa kuitayarisha kwa mashine ya chapa, na hapo pana ufundi usioonekana. Rangi za kioo cha simu ni mwanga, za karatasi ni wino, nazo hazifanani. Picha ndogo iliyotumwa kwa simu, ukiikuza iwe bango la mita 3, huonekana kama vigae vilivyovunjika. Maandishi yaliyo karibu mno na ukingo hukatwa na kisu. Tena mara nyingi kazi hupelekwa kuchapwa Nasser Road, Kampala, yapata kilomita 80 kutoka Jinja na zaidi ya 200 kutoka Mbale, na nauli haijui urafiki.

Wengine husema: siku hizi simu ina programu za kutengeneza kadi, na akili bandia huchora picha kwa dakika moja, ya nini kumlipa mtu? Aliyetosheka na hiyo na aitumie, simzuii. Lakini mashine haikumwona babu yako alivyokuwa akicheka. Wala haijui kijana wa Kigisu avaavyo njuga mapajani siku za imbalu. Mara nyingi itamvika mavazi ya kabila lisilokuwako duniani. Mteja akiona hivyo hurudi kwetu. Basi akirudi, na arudi na fedha.

Wala si kweli kwamba kazi ni haba. Imbalu hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, na miezi hiyo kila ukoo wataka fulana zenye jina la kijana wao. Hapa Busoga, arusi ya Kyabazinga ilipofanyika Bugembe tarehe 18 Novemba 2023, watu walitaka picha na mabango kupita nguvu zetu. Lililo haba ni desturi ya kulipa.

Jambo la pili ni kuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2017 magazeti ya Tanzania yalieleza habari za mzee Francis Maige Kanyasu, aliyeitwa Ngosha, aliyesema kuwa yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa. Alikuwa akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam, na mwezi wa Mei mwaka huo huo akafariki. Wengine walishikilia kwamba mchoraji alikuwa Jeremiah Wisdom Kabati. Mimi si hakimu wao. Nasema tu kwamba nembo ile yajulikana na kila mtoto wa Tanzania, lakini juu ya mkono ulioichora watu wabishana. Kama imekuwa hivyo kwa nembo ya nchi, itakuwaje kwa nembo ya duka la Main Street?

Kwa hiyo, ewe kijana, andika karatasi moja kabla ya kuanza: kazi gani, bei gani, lini itakwisha, masahihisho mara ngapi, na nani atakuwa mwenye mchoro baada ya malipo. Uganda ina sheria ya haki ya mtunzi ya mwaka 2006, nayo hulinda mchoro uliokwisha chorwa, si wazo lililo kichwani. Na nusu ya malipo iwe arubuni. Pesa za simu tunazo hapa tangu 2009, basi aliye Mbale hana udhuru wa kusema atakuja nayo Jinja siku nyingine.

Pana jambo moja ambalo silitoi bei, nalo ni msiba. Mtu akinijia usiku na picha ya marehemu, akitaka iwe tayari kwa maziko ya kesho, namdai karatasi na wino tu. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwa wenzangu. Lakini arusi si msiba. Mwenye kukodi magari matano na hema hawezi kuniambia kwamba kadi zimemshinda.

Nasi wachoraji tuna deni letu. Kazi ya Ijumaa isiletwe Jumatatu. Tusichukue picha ya mtu mwingine na kuifuta jina lake. Tusiseme ndiyo kwa kazi tusiyoiweza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwisho nauliza swali. Makerere imefundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoianzisha mwaka 1937, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 una somo la Sanaa na Usanifu. Watoto wetu wanafundishwa kazi hii darasani na kupimwa kwa mtihani. Yafaa nini kumfundisha mtoto kazi ambayo sisi wenyewe, akishaijua, hatutaki kumlipa? Kijana akichoka na asante zetu ataiuza kompyuta anunue pikipiki ya bodaboda, na sisi tutakwenda Kampala kulipa maradufu kwa mtu asiyetujua.

Wanafunzi wa zamani, mkiwa na arusi mwaka huu, mtafuteni mchoraji kati ya vijana wa shule yetu, mkamlipe. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa furaha.