Ni mauzo, si faida

Kampuni ya madini ikikuja kuongea na kijiji, inakuja na avoka wake wa ndani. Si adui, analipwa na kampuni, njo anatetea kampuni. Code minier ya 2018 ameisha kuisoma yote. Siye, chefu na wazee wanasikiliza tu, halafu wanatia saini.

Wachimbaji wa Pepa, mushike hili: sheria inadai kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji vinavyoguswa. Mauzo, si faida! Wakisema «mwaka huu tulipata hasara», feza ile bado iko lazima. Na cahier des charges isomwe kwa Kiswahili, wamama wakiwepo, mbele ya saini.