Kisa cha Carolco, na Nasaha kwa Wenye Kutengeneza Filamu

Miongoni mwa biashara za zama hizi, sijui iliyo na ghururi kubwa kama biashara ya sinema, kwa kuwa mwenye kuifanya huanza kwa kutoa mali nyingi kabla hajajua kama kazi yake itapendwa, na ikipendwa mara moja hudhani kuwa itapendwa daima. Kwa ajili hiyo nataka kuwaeleza vijana wetu wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi, ambao leo wameshika kamera kwa ari ya kupendeza, habari ya kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Carolco, ambayo iliinuka mpaka ikashindana na studio kubwa za Hollywood, kisha ikafilisika kabla haijatimiza miaka ishirini. Huenda jina lake wengi hawalijui, lakini kazi yake waliijua sana. Kwani Rambo, ambaye picha zake zilijaza vibanda vya video tangu pwani hata bara, na ambaye Watanzania waliupa jina lake hata mfuko wa plastiki wa sokoni, alitoka mikononi mwa Carolco.

Walioianzisha mwaka 1976 walikuwa wageni wawili: Mario Kassar, mzaliwa wa Beirut, na Andrew Vajna, mzaliwa wa Budapest, ambaye kabla ya hapo alifanya biashara ya nywele za bandia huko Hong Kong. Mwanzo wao ulikuwa udalali, yaani kuchukua haki za filamu za watu wengine na kuziuza kwa wasambazaji wa nchi mbalimbali, na katika udalali huo walijifunza jambo ambalo wakubwa wa Hollywood walikuwa wakilidharau, kwamba nje ya Marekani wako watazamaji wengi ambao nao wana fedha zao. Walipoanza kutengeneza filamu wenyewe hawakuiacha elimu hiyo. Kabla kamera haijafunguliwa walichukua mswada na jina la mwigizaji, wakawaendea wasambazaji wa kila nchi, wakaandikiana nao mikataba ya kulipwa kiasi fulani filamu itakapokamilika, kisha mikataba hiyo wakaiweka rehani benki wakapata mkopo wa kufanyia kazi. Ilikuwa tadbiri njema, kwa maana hasara, kama ingetokea, ilikwisha kugawanywa kwa watu wengi.

Kwa njia hiyo ilipatikana First Blood ya mwaka 1982, ambayo iligharimu dola milioni 15 au karibu na hizo, na mapato yake duniani yakapita milioni 100. Katika riwaya ya David Morrell iliyokuwa asili yake, Rambo hufa. Na hata katika filamu ilipigwa picha ya yeye kujiua, ila watazamaji waliojaribiwa nayo walichukizwa, ndipo akaachwa hai. Uhai huo ndio ulioilisha kampuni, kwani sehemu ya pili, iliyotolewa mwaka 1985, iliingiza karibu dola milioni 300.

Hapo ndipo nidhamu ilipoanza kulegea. Rambo III ya mwaka 1988 ilisemwa kuwa ndiyo filamu ghali kupita zote zilizopata kutengenezwa hadi siku ile, nayo haikuleta mavuno kama ya iliyoitangulia. Mwaka uliofuata Vajna aliuza fungu lake kwa zaidi ya dola milioni 100 akaenda zake, Kassar akabaki peke yake juu ya usukani. Naona msiba wa kwanza ulikuwa huo, wala si msiba wa fedha, bali wa kukosa mwenzi wa kumwambia mtu usoni kwamba bei hii hatuiwezi.

Tazameni basi mwaka 1991, maana ndani yake muna funzo lote. Mwaka ule Carolco ilitoa Terminator 2 ya James Cameron, iliyogharimu karibu dola milioni 100 na kuingiza zaidi ya milioni 500. Arnold Schwarzenegger alikuwa amepewa ndege ya Gulfstream kuwa sehemu ya ujira wake. Mswada wa Basic Instinct ulikwisha kununuliwa kwa dola milioni 3. Na karamu za kampuni wakati wa tamasha la Cannes zilikuwa gumzo la mji. Mtu akiyatazama hayo kwa nje angesema hawa wamekwisha kuushika ulimwengu, ilhali hesabu za mwaka huo huo zilionyesha hasara ya zaidi ya dola milioni 200. Yawezekanaje mwenye filamu iliyopendwa kuliko zote awe ndiye mwenye hasara? Kwa sababu haki za nchi nyingi zilikwisha kuuzwa kabla ya kazi kuanza, na mafuriko ya fedha yalipokuja yalipita mlangoni pake yakaingia kwa wengine; yeye alibaki na ujira wa mastaa, riba za madeni, na gharama za filamu nyingine zilizodorora. Tadbiri ile ile iliyomkinga alipokuwa mdogo ilimfunga alipokuwa mkubwa, maana alizidisha matumizi bila kuzidisha fungu lake katika pato.

Wako wasemao kwamba aliyeiua Carolco ni filamu ya maharamia, Cutthroat Island, iliyopigwa Malta na Thailand kwa karibu dola milioni 100, na ambayo katika Marekani haikupata ila kama milioni 10. Sikubaliani nao. Filamu hiyo ilitolewa Desemba 1995, na kampuni ilikwisha kwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake mwezi wa Novemba. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiishi kwa fedha za wenzi wa Japani, Ufaransa na Italia, na ili kuupata mtaji wa maharamia hao iliuza haki zake katika filamu nyingine, na ile ya vita vya msalaba aliyokusudiwa Schwarzenegger ikawekwa kando. Aliyekwisha kudhoofika kwa maradhi ya siku nyingi akaanguka kwa kujikwaa kijitini, hatusemi kwamba ameuawa na kijiti.

Nanyi, ndugu zangu, msiseme kwamba hayo ni ya wenye mamilioni. Katika miaka ya neema ya filamu za Kitanzania, marehemu Steven Kanumba alipokuwa akijulikana mpaka Kongo, ilikuwa desturi mtengenezaji kuuza kazi yake jumla, hakimiliki pamoja na nakala mama, kwa fedha za mkupuo mmoja, kisha fedha hizo aghalabu huishia katika gari na mavazi ya kujionyesha, na filamu ikiendelea kuchuma miaka mingi mwenyewe hana hata senti ndani yake. Nawasihi, uzeni ruhusa ya kuonyesha kwa nchi fulani na kwa muda fulani, wala msiuze asili. Someni mkataba na mjuzi wa sheria kabla ya kutia saini. Na mapato ya filamu ya kwanza yatengenezeeni ya pili kabla hayajajenga sifa za barabarani.

Kwani ilipofikia siku ya kugawa mali ya Carolco, ndege na karamu hazikuwa na thamani ya kuzungumzwa. Kilichogombewa ni filamu zenyewe, nazo zilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa kwa dola zisizotimia milioni 60. Na Kassar na Vajna, walipopatana tena na kutaka kutengeneza Terminator 3, iliyotoka mwaka 2003, iliwabidi waingie mfukoni upya na kuinunua haki ambayo kampuni yao wenyewe ilikuwa nayo.