Mzungu bila mpango ni mtalii, mimi je?

Najua nimepotea humu karibu wiki tatu, TP ilinibana kwelikweli. Kwa wasiojua, nilipangiwa Kibaha, na shule yenyewe iko kando ya Morogoro Road, kwa hiyo nafasi ya kuangalia magari nilikuwa nayo ya kutosha. Leo sina habari za maandalio ya somo. Nataka kuongelea yale magari ya wazungu yenye hema juu ya paa.

Mmeshayaona. Land Cruiser au basi dogo lenye namba za Ujerumani au Afrika Kusini, madumu ya maji nyuma, mapazia madirishani, ndani kuna kitanda na jiko la gesi. Wengine wameanzia Cape Town wanapandisha, wengine wanashuka. Wakitoka Dar wanapita hapa, Mlandizi, Chalinze, halafu Mikumi, Iringa, Mbeya. Muulize mmoja atafika lini anakokwenda, anacheka. Wakipapenda mahali wanakaa wiki nzima. Pale ofisini walimu walikuwa wanasema eti hawa watu hawana kazi kwao? Mie nilikuwa naona wivu tu.

Sasa msiseme kuishi ndani ya gari ni mambo ya kizungu. Nenda Misugusugu au pale mizani ya Vigwaza uangalie madereva wa malori. Kitanda kiko nyuma ya usukani, kanga imefanywa pazia, jiko, sufuria, ndoo ya kuogea, unga na dagaa, vyote vimo. Mtu anatoka bandarini na mzigo wa Zambia au Kongo, akifika Tunduma akikuta foleni analala humohumo mpaka zamu yake. Huyo ndiye anayejua kuishi barabarani kuliko mzungu yeyote. Lakini hakuna anayemwita msafiri, maana muda si wake. Tajiri anapiga simu kila saa: uko wapi, mbona umesimama?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Gari si tatizo. Tatizo ni ruhusa ya kutojua unakwenda wapi, na sisi hiyo ruhusa hatupewi.

Chukua gesti zetu. Unafika umechoka, unapewa kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Jaribu kuandika "sijui" pale kwenye uendako, hasa ukiwa binti uliye peke yako, uone utakavyoangaliwa! Au chukua visa. Mzungu anapata visa ya utalii ya siku 90 na kuzunguka anavyotaka. Mie nikitaka kwenda kuzurura Ulaya wiki mbili, ombi la Schengen ni euro 90, halafu nioneshe nitalala wapi, tiketi ya kurudi, na pesa benki. Yaani wao kuja kwetu bila ratiba sawa, sisi kwenda kwao bila ratiba hapana.

Na tusiwalaumu wageni peke yao. Neno lenyewe "mzururaji" hapa kwetu limekuwa kosa la jinai, tumelirithi kwa Mwingereza ndani ya Kanuni za Adhabu. Wazee watawasimulia Nguvukazi ya 1983, watu wasio na kazi inayotambulika walivyokamatwa Dar na kurudishwa vijijini. Ilibidi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hiyohiyo iliyopo Arusha, iseme Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Wangapi hapa kampasi tunalijua hilo?

Najua mtakachosema. Dada, acha ndoto, tunamaliza mwaka huu, ajira za ualimu unazijua zilivyo, wewe unawaza kutembea? Ndio maana nawaza! Kaka zetu waliomaliza miaka mingi nyuma bado wanaomba kwenye mfumo wa ajira, wamekaa nyumbani wanasubiri, na hao hakuna anayewaita wazururaji kwa sababu wamekaa sehemu moja. Mhitimu akikaa kibarazani mwaka mzima ni mvumilivu. Akitembea mwezi mmoja, kachanganyikiwa. Haiingii akilini.

Pesa ya Land Cruiser sina, bumu lenyewe linaishia kwenye chipsi. Lakini daladala zipo. Kila siku tunapitishwa Kibaha kama mizigo. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 ndio kabisa, Soga na Ruvu zinapita dirishani hujamaliza hata kufungua soda. Mwezi mzima niliokaa kule nimekutana na wanafunzi wenzangu wawili tu waliowahi kushuka Mlandizi, na mmoja alishuka kwa sababu gari liliharibika.

Kwa hiyo mie UE ikiisha naanza: Mlandizi, nivuke Ruvu, Chalinze, nirudi kwa upande wa Kisarawe, msitu wa Pugu, mpaka Maneromango. Nikichoka nalala, nikipenda nakaa. Begi moja, kanga mbili. Mama bado sijamwambia, na yeyote anayemjua humu naomba afunge mdomo. Mwenye shangazi Maneromango anayepokea wageni anishtue, maana kule nitahitaji jina la kuandika kwenye uendako.