Digrii ya nje bila kupanda ndege: ni dili au changa la macho?

Nipo tu huku China nasukuma siku, baridi imeanza kung'ata na wiki ijayo nina mitihani. Najua nimekuwa kimya sana, mnisamehe. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilikuwa nakula tambi na mshikaji wangu mmoja Mchina, kamaliza digrii mwaka huu. Cheti chake kimetolewa na chuo cha Uingereza, ila miaka yote minne kasoma hapa hapa, kwenye chuo cha kawaida chenye ubia na hao Waingereza. Basi akaitwa kwenye usaili wa kazi, bosi akamuuliza, "Ulikuwa unakaa mji gani huko?" Jamaa akajibu ukweli, sijawahi kwenda. Bosi akaangua kicheko. Ananisimulia huku na yeye anacheka, lakini mwenzenu nilimwona machoni hacheki. Wazazi wake walimaliza akiba yao yote kwenye ada ile.

Sasa kwa wasiojua, hii biashara huku ni kubwa. Mwaka 2003 serikali ya China ilitoa kanuni za kuruhusu vyuo vya nje kufundisha nchini, ila kwa masharti: lazima uwe na mbia Mchina, na mkuu wa chuo awe raia wa China. Mwaka 2004 Nottingham wakafungua Ningbo, tena wakajenga na mnara wa saa unaofanana na ule wa kwao. Mwaka 2006 Liverpool wakaungana na Xi'an Jiaotong pale Suzhou, ukimaliza unapata vyeti viwili, cha Kichina na cha Kiingereza. New York University nao wakaanza kupokea wanafunzi wa digrii ya kwanza Shanghai mwaka 2013.

Wateja wanatoka wapi? Wanatoka kwenye gaokao, ule mtihani wa kuingia chuo kila Juni. Mwaka 2024 waliojiandikisha walizidi milioni 13! Nafasi za vyuo vyenye jina ni chache, na nyumba nyingi mtoto ni huyo huyo mmoja. Chuo cha serikali ada ni kama yuan 5,000 kwa mwaka. Hivi vya ubia ni makumi ya maelfu, na kwingine inavuka laki moja.

Wapo wanaosema huko ni kununua cheti tu. Mie nakataa. Pale Ningbo au Suzhou, Mchina haingii bila alama nzuri za gaokao, na akishaingia anasoma kwa Kiingereza ambacho siyo lugha ya mama yake. Elimu haiingii kichwani kwa sababu umevuka bahari. Wangapi tunawajua wamekaa Ulaya miaka mitatu wakarudi na jaketi tu?

Lakini siwatetei wote. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya China ilitangaza kufunga programu na taasisi 234 za ubia kwa mpigo, na ubovu wa ufundishaji ulitajwa kati ya sababu. Mshikaji wangu anasema kwao mwalimu mgeni alikuwa anakuja wiki mbili, anafundisha mbio mbio, anapanda ndege. Muhula uliobaki anakuja mwalimu mwingine anawasomea kitabu. Hapo ndipo ninaposema jamani huu ni wizi! Bosi yule alicheka kwa sababu isiyo sahihi. Angeuliza, "Nani alikufundisha, na nani alisahihisha mtihani wako?" Hilo ndilo swali.

Na lipo la pili linaloniuma zaidi. Mtoto wa mkulima mwenye alama sawa sawa na za jamaa yangu, ule mlango hata haugusi. Ufadhili upo, lakini wengi mlango wanafunguliwa na pochi ya baba.

Msidhani haya ni ya Wachina peke yao. Mwaka 2023 IIT Madras ya India ilifungua tawi Zanzibar, digrii ya India unaipata ukiwa Unguja. Mie nimefurahi, sisemi uongo, na wengine watakuja tu. Ila kabla mzazi hajauza kiwanja, tuulize mapema: walimu wanakaa hapo hapo au wanapita? Mtihani ni ule ule wa makao makuu? Na mtoto wa Nachingwea asiye na kitu ataingiaje? Tukisubiri kuuliza siku ya usaili, tumechelewa.

Nyie mnasemaje? Mshikaji bado anatafuta kazi, mwombeeni. Ngoja nirudi kwenye madaftari.