Trekta Linalolala Mteremkoni: Amua Julai, Usingoje Oktoba



Tuko Julai. Mahindi yako ghalani, maharage yameshapigwa na kupepetwa, wenye tumbaku wanafuatilia malipo yao, na asubuhi huku juu watu hawatoki bila koti. Trekta limepumzika na mwenyewe amelisahau hadi mvua. Mimi nasema hiki ndicho kipindi cha kuamua kama trekta lako libaki, litengenezwe au liuzwe. Anayengoja Oktoba atakuwa haamui tena. Ataamuliwa na mvua, na fundi, na mwenye duka la spea.

Katika milima yetu ya Kasulu na Kibondo kuna alama moja ambayo haihitaji mtaalamu. Ukiona trekta linaegeshwa kwenye mteremko kila jioni, limewekewa jiwe chini ya tairi, ujue mwenyewe anajua siri yake. Asubuhi jiwe litaondolewa, trekta litaporomoka, dereva ataingiza gia na kuachia klachi ili liwake. Tumezoea kiasi kwamba tunaona ni ujanja. Huo si ujanja. Ni trekta lenye ugonjwa, na juu yake ni hatari. Trekta la tani mbili lililozuiwa na jiwe, breki zikiwa hazishiki vizuri, na watoto wanapita hapo chini kwenda shule. Likiteleza halimwulizi mtu jina.

BARIDI YA JULAI NI KIPIMO CHA BURE

Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche kama pikipiki. Inawaka kwa sababu pistoni inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa inapata moto wa kutosha kuunguza dizeli. Ringi zikilika au valvu zisipoziba vizuri, hewa inavuja, joto halifiki. Mchana wa jua injini inaweza kujikongoja ikawaka. Asubuhi ya baridi inakataa. Betri nayo hupungua nguvu kwenye baridi, wakati huohuo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Ndiyo maana asubuhi ya Julai inasema ukweli ambao mchana wa Septemba unauficha.

Kwa hiyo usipime trekta saa saba mchana mbele ya mnunuzi au mbele ya mkeo. Lilaze mahali tambarare. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi liwashe kwa funguo. Kama stata inazunguka kichovu, anza na betri na nyaya zake kabla hujamlaumu mtu. Kama stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, tatizo liko kwenye mfumo wa dizeli au kwenye mbano wa injini. Kisha tazama moshi. Mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi usikutishe. Mweusi unaoendelea wakati wa kazi, angalia kwanza chujio la hewa, halafu nozeli. Wa bluu usiokwisha hata injini ikipata moto maana yake injini inakula oili, na hapo unazungumzia pesa nyingi.

Na tafadhali, achana na tabia ya kuwasha moto wa kuni chini ya injini au kumwagia petroli kwenye njia ya hewa ili liwake. Kwanza unaweza kuungua. Pili unalificha tatizo mpaka Oktoba, siku ambayo utalihitaji zaidi.

“CHUMA HAKIZEEKI”

Hii ndiyo kauli ninayoisikia mara nyingi zaidi. “Chuma hakizeeki, bwana shamba. Trekta hili mzee alilima nalo, na mimi nitalima nalo.” Mzee aliyelitunza namheshimu. Lakini chuma kinalika, na hakiliki kwa miaka bali kwa saa za kazi. Katika mahesabu ya zana za kilimo, maisha ya trekta hukadiriwa kuwa kama saa 10,000 likitunzwa vizuri. Trekta la miaka ishirini lililolima misimu tu na kubadilishiwa oili kwa wakati linaweza kuwa zima kuliko la miaka sita lililovuta trela la matofali na kuni usiku na mchana huku saa yake ya kuhesabia kazi imekufa. Kwa hiyo anayesema “ni la zamani, liuzwe” na anayesema “bado linatembea, libaki” wote wawili wanabahatisha. Kutembea si kipimo. Trekta linalofika shambani saa tano, likasimama saa nane kwa pampu, kisha likasubiri spea siku nne, nalo linatembea.

Tatizo la kauli hii ni kwamba hasara haiishii kwa mwenye trekta. Unachukua advansi za kaya kumi na tano mwezi Septemba. Trekta linakufa wiki ya pili ya mvua. Pesa yao umeshainunulia dizeli na spea, huwezi kuirudisha. Mama aliyekuamini na ekari zake mbili anangoja, anangoja, mwisho anashika jembe la mkono Desemba na kuambulia nusu ekari. Udongo huachia naitrojeni nyingi mvua za kwanza zinapoanza. Anayechelewa kupanda anaikuta imeshazama na maji. Mahindi yaliyochelewa ndiyo viwavijeshi vamizi wanayashambulia zaidi. Mwezi wa tatu mama huyu ananunua unga, na ada ya mtoto haipo. Wewe unasema “ni matatizo ya mashine.” Hapana. Ni uamuzi ambao hukuufanya Julai.

NA WEWE UNAYETAKA JIPYA

Usifikiri nakutetea. Kuna wanaokimbilia trekta jipya kwa sababu jirani amenunua, au kwa sababu wamegombana na fundi. Wanaweka shamba na nyumba rehani, wanapiga picha wakiwa juu ya bampa, halafu wanagundua kwamba deni nalo linadai kila msimu, mvua inyeshe isinyeshe. Nasi maofisa na viongozi tunachangia kosa hili. Tunapenda kuhesabu matrekta yaliyoingia wilayani kuliko ekari zilizolimwa kwa wakati.

Wanaodhani wingi wa mashine ni dawa wawatazame majirani zetu wa Urambo, mkoani Tabora. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakutosha, wakanunua mengi yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakiwa yamechoka kabla hata hayajaanza kazi. Kule Kongwa udongo ulikauka kama tofali na kumaliza zana za kulimia. Mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache, spea zilitoka mbali, matrekta mabovu yakajaa karakana. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Fedha hazikukosekana pale. Walikosa hesabu ya kabla: nani atalitengeneza, kwa spea za wapi, kwenye udongo gani.

DAFTARI NDILO LIAMUE

Sasa tufanye hesabu. Huhitaji kompyuta. Chukua daftari la shule la mtoto na uandike mambo matatu ya msimu uliopita: pesa uliyotumia kwa spea na fundi, siku ambazo trekta lilisimama wakati wa kulima, na faida ya siku moja ya kazi. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme unalima ekari kwa shilingi 60,000. Dizeli lita 7 kwa shilingi 3,000 ni 21,000. Dereva na utingo 7,000. Kinabaki 32,000. Ukilima ekari 6 kwa siku, siku moja ina faida ya 192,000. Tuseme trekta lilisimama siku 14. Umepoteza 2,688,000. Spea na fundi vilikula 1,800,000. Jumla ya gharama ya ubovu ni 4,488,000.

Upande wa pili, tuseme trekta zuri lililotumika linauzwa 32,000,000 na lako litauzika kwa 10,000,000. Unahitaji kuongeza 22,000,000. Ukigawa kwa miaka minne ni 5,500,000 kwa mwaka. Ongeza riba na matengenezo ya kawaida, tuseme 1,500,000. Kubadilisha kunakugharimu 7,000,000 kwa mwaka.

Umeona? Kwa hesabu hii, trekta lako bovu bado ni rahisi kuliko zima la mkopo. Usibadilishe. Chukua pesa ya mavuno, litengeneze Julai hii hii, mafundi wakiwa hawana foleni.

Lakini tuseme msimu unaofuata limesimama siku 27 na kula spea za 2,900,000. Siku zilizopotea ni 5,184,000. Jumla ni 8,084,000. Sasa limevuka mstari. Kuendelea nalo ni kulipa rejesho la trekta jipya huku unaendesha la zamani. Liuze, hata kama mzee alilipenda.

Angalia kitu kimoja katika mifano yote miwili: siku zilizopotea zimekula kuliko spea. Wenye matrekta wengi wanakumbuka bei ya kila nozeli lakini hawakumbuki walisimama siku ngapi. Ndiyo maana wanasema “mwaka huu lilinisumbua kidogo tu.”

KABLA YA KUTOA PESA

Kama daftari limesema badilisha, zingatia haya.

1. Uliza spea kwanza, rangi baadaye. Nenda maduka ya Kasulu mjini na Kibondo mjini, uliza chujio, pampu ya maji na sahani ya klachi za aina unayoitaka. Kama jibu ni “tutaagiza Dar”, hesabu siku za kusafirisha, zizidishe kwa faida yako ya siku.

2. Trekta lililotumika lifike lipimwe likiwa baridi. Shika injini kwa mkono kabla ya kuwashwa. Ukikuta ya moto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika. Rudi kesho asubuhi bila taarifa.

3. Uza la zamani likiwa linawaka. Trekta linalowaka ni trekta. Lililokaa miaka miwili chini ya mwembe ni chuma chakavu cha kilo.

4. Kama shamba lako ni ekari nne na huna wateja wa uhakika wa kulimiwa, usinunue kabisa. Kodi mapema kwa mwenye trekta zima, au jiungeni kikundi, mkikubaliana kwanza kwa maandishi nani anashika daftari na nani anashika grisi. Mali ya wote isiyo na mshika grisi huwa haina mwenyewe.

5. Hakuna trekta litakalokuokoa na mteremko. Mashamba ya kupanda mlima yalimwe kwa kukata mteremko, si kwa kushuka nao. Pale pasipolimika kwa usalama, ng'ombe au jembe la mkono ndilo sahihi.

KAZI YA WIKI HII

Najua Julai ni mwezi wa harusi na mahari, na pesa ya mavuno ina wenyewe wengi. Pikipiki nayo inaita. Lakini trekta lililowalipia hao wote ndilo la mwisho kwenye orodha, na likipewa chochote ni oili ya kuongezea.

Kwa hiyo jioni ya leo egesha trekta mahali tambarare na uondoe jiwe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi liwashe kwa funguo, mbele ya dereva wako. Andika kilichotokea ukurasa wa kwanza wa daftari. Kisha kaa na mwenzio wa nyumbani mjaze zile hesabu tatu. Mara nyingi mama anakumbuka siku za kusimama vizuri kuliko wewe, maana ndiye aliyekuwa anawajibu wateja mlangoni.

Na wewe unayekodi, una haki ya kuuliza kabla ya kutoa advansi: “Trekta lako linalala wapi?” Likiwa linalala mteremkoni, tafuta jingine, au lipa siku ekari yako ikishalimwa.

Mvua hazitaomba ruhusa ya fundi wako. Ukiwa na swali, nikute ofisi ya kata siku za kazi, na uje na daftari.