Tuwajulishe Watoto Wetu Shomoro



Huenda mtu akauliza: katika mambo yote yanayozikabili nyumba zetu, kwa nini tushughulike na ndege mdogo kama shomoro? Swali hili si geni. Zamani alikuwako mtu aliyewalaumu wanazuoni wa Hadithi kwa kupokea habari alizoziona hazina faida, akatoa mfano wa Hadithi ya Abu Umayr. Huyu alikuwa mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na kijidege akicheza nacho. Kijidege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimwita kwa jina la heshima kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za kijidege chake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii wa karne ya nne ya Hijria, aliijibu lawama ile kwa kuonyesha faida 60 katika Hadithi hiyo moja.

Sisi leo tuchukue moja tu katika hizo: kumzungumzisha mtoto mdogo juu ya ndege mdogo si jambo la upuuzi. Ni mlango wa malezi.

Na shomoro hana haja ya kutafutwa mbali. Mnana husuka kiota chake kikaning'inia mtini, lakini shomoro hupenda kukaa na watu. Hapa Mombasa, na kule Malindi, hutafuta tundu chini ya mabati, mwanya baina ya boriti na ukuta, au nafasi nyuma ya kibao cha duka. Mwonyesheni mtoto dume: utosi wake ni wa kijivu, mgongo wa hudhurungi wenye michirizi myeusi, na kooni ana weusi mfano wa ndevu. Jike hana weusi huo. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyofifia. Kisha mwambieni mtoto atazame miguu. Shomoro hatembei kama kuku, mguu mmoja baada ya mwingine, bali huruka kwa miguu yote miwili pamoja. Na akijigaragaza vumbini, si uchafu. Ndivyo asafishavyo manyoya yake.

Baada ya hapo mwelezeni habari za nyumba yake. Jike hutaga mara nyingi mayai manne au matano, na huatamiwa kiasi cha siku 11 hadi 14. Makinda huanguliwa uchi, macho yamefumba, hawana wawezalo ila kufunua midomo. Baba na mama wote wawili huwalisha. Wakubwa hula zaidi nafaka na makombo, lakini makinda huletewa wadudu, na kazi hiyo huendelea kutwa nzima kwa muda wa majuma mawili hivi, mpaka waweze kuruka.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Mtoto asiyeyajua haya, ndege kwake ni shabaha tu. Tunawaona vijana wetu mitaani na manati mikononi, na wadogo wao wakimfunga ndege uzi mguuni na kumvuta mpaka afe. Aliyepigwa jiwe adhuhuri huenda ameacha makinda wanne wanaongoja. Mtume (S.A.W.) ametuonya, kama alivyopokea Nasai, kwamba mwenye kumuua shomoro pasi na haki yake ataulizwa na Mwenyezi Mungu, na haki yake ni achinjwe aliwe, si auawe atupwe. Na Abu Daud amepokea kwa Ibn Masud kwamba maswahaba walichukua makinda wawili wa ndege safarini, mama yao akaja akitapatapa kwa mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe.

Amri hiyo inatuhusu na sisi wakubwa. Ramadhani na Idd zinapokaribia tunasafisha nyumba, na ufagio hufika darini. Tutazame kwanza. Pakiwa na makinda, tungoje majuma mawili. Wakishatoka, tundu lizibwe. Na kinda akianguka, kama bado yu uchi arudishwe kiotani. Kama ameota manyoya, awekwe mahali palipoinuka asifikiwe na paka, na wazazi wake watamwendea. Si kweli kwamba mama humkataa mwanawe kwa kuwa ameguswa na mkono wa mtu.

Basi tunawausia, baada ya Alasiri wekeni kisahani cha maji kivulini na chembe chache za mchele au mtama. Kaeni na mtoto kwa mbali, kimya, mumuulize: yupi baba, yupi mama? Amebeba nini mdomoni? Akiwa na jani kavu, anajenga. Akiwa na mdudu, ana watoto. Mtoto ataanza kukujibuni, kisha ataanza kukuulizeni nyinyi. Mkimaliza, mwosheni mikono.

Na siku moja mwamsheni kwa Sala ya Alfajiri, kisha asikilize shomoro wanavyoanza kulia kabla jua halijachomoza. Hapo mweleze Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Sayyidna Umar, kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wanazuoni wetu wakatuzindua: ndege hutoka. Hakai kiotani akangoja riziki imfuate.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkono uliozoea kumwekea shomoro maji hautakuwa mwepesi kumpiga mdogo wake, wala kumdhulumu mnyonge ukishapata nguvu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atie huruma katika nyoyo za watoto wetu, na atujaalie sisi kuwa wa kwanza kuwaonyesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.