Stesheni ya TAZARA: ya abiria au geti la shaba?

Leo tuweke Simba na Yanga pembeni kidogo tuongee reli.

Tangu SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar mpaka Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, ukitaja treni mjini kila mtu anaelewa moja tu: ile ya umeme. Sawa, inastahili sifa. Ila kuna stesheni nyingine Dar ambayo wengi wetu tunaijua kama kituo cha daladala basi. Konda anapiga kelele "Tazara! Tazara!", watu wanashuka, kila mtu na hamsini zake. Lile jengo kubwa pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela, jirani na flaiova ya Mfugale iliyofunguliwa 2018, hakuna anayeligeukia.

Mimi nasema tuligeukie sasa hivi. Tanzania na Zambia zimeingia mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na ukarabati ulizinduliwa rasmi huko Zambia Novemba 2025. Ukisikiliza wakubwa wanavyoongea, wimbo ni shaba, bandari, tani. Abiria anatajwa mwishoni, kama anatajwa. Kwa hiyo swali langu ni dogo: baada ya mabilioni yote hayo, stesheni ile itakuwa ya watu au geti tu la kupitishia shaba?

Kwanza tujue ilifikaje pale

Dar ilikuwa na stesheni yake toka enzi za Mjerumani, ile ya mjini karibu na bandari. Reli ya Kati ilianza kujengwa 1905, ikafika Kigoma 1914. Sasa kwa nini Mchina alipokuja hakuunganisha hapo hapo, akaenda kujenga stesheni yake kilomita kadhaa nje ya mji wa wakati ule?

Jibu ni geji, yaani upana kati ya chuma na chuma. Reli ya Mjerumani ni milimita 1,000. Reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini ni milimita 1,067. Tofauti ni kama vidole vinne tu, lakini kwa treni vidole vinne ni ukuta. Na TAZARA ilijengwa kwa ajili ya Zambia, ikabidi ifuate kipimo cha Zambia.

Mnakumbuka historia ya fomu foo. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwake kwenda baharini, kwa hiyo Kaunda alikuwa ameshikwa koo. Akataka njia ya Dar. Benki ya Dunia haikuona kama reli hiyo inalipa. China, yenyewe maskini wakati huo, ikakubali. Makubaliano yalisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, kati ya hizo 975 ziko kwetu. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988 bila riba. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi ile, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto hapa hapa Dar.

Ndiyo maana mji mmoja ukawa na reli mbili zisizosalimiana. Leo na SGR ya milimita 1,435 zimekuwa tatu! Treni ya kitalii ya Rovos inaweza kutoka Cape Town ikafika TAZARA, lakini haiwezi kusogea mpaka stesheni ya zamani ya mjini. Abiria wa Kigoma anayetaka kwenda Mbeya lazima abebe begi lake apande daladala. Geji hizi mbili zinakutana Kidatu, na hata huko mzigo unahamishwa kutoka behewa moja kwenda jingine.

Sasa huduma zake

Kwa miaka mingi pale TAZARA palikuwa na treni mbili za abiria kwa wiki kwenda Kapiri Mposhi. Jumanne ilikuwa Kilimanjaro, ile ya kawaida inayosimama kila mahali. Ijumaa ilikuwa Mukuba, ya haraka. Mukuba kwa Kibemba ni shaba, kwa hiyo hata treni ya watu ilipewa jina la mzigo! Daraja la kwanza vitanda vinne kwa chumba, la pili vitanda sita, la tatu unakaa kwenye kiti.

Na mwaka 2012, Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza treni za mjini. Reli ya Kati wakapata ya kwenda Ubungo, TAZARA wakapata ya Mwakanga mpaka Kurasini. Watu wa Yombo na Kipunguni waliona kwamba kumbe reli inayopita nyuma ya nyumba zao inaweza kuwapeleka kazini bila foleni.

Mtu wa Posta atasema basi kuna mabasi, treni ya nini. Huyo hajafika Mlimba. Bonde la Kilombero mvua ikikolea, barabara inageuka tope, na reli ndiyo njia. Mama anapakia mchele wake, ndizi zake, anateremka nazo Dar. Kwetu TAZARA ni stesheni ya pili, kwake yeye ndiyo ya kwanza.

Tatizo liko wapi

Tusidanganyane, biashara ya reli inalipwa na mzigo. Na mzigo wa TAZARA ulianguka vibaya. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Vichwa vibovu, mabehewa yamechakaa, madeni juu. Hapo hata mimi nakubali kwamba mwekezaji alihitajika.

Lakini angalia hesabu za mwekezaji. Kule magharibi kuna njia ya Lobito, Angola, inayopigiwa debe na Wamarekani, na inataka shaba ile ile. Biden mwenyewe alikwenda Lobito Desemba 2024. Kwa hiyo TAZARA lazima iende mbio kwenye mzigo. Na hii ni reli ya njia moja: treni mbili zikikutana, moja inaingia pembeni kwenye stesheni inasubiri. Nani atasubiri? Atasubiri yule asiyeleta hela, yaani treni ya abiria. Ikisubiri sana inachelewa, ikichelewa watu wanahamia basi, wakihama mtu anasema "mnaona, abiria hawapo", huduma inafutwa. Hapo hakuna aliyewafukuza abiria, wamejiondokea wenyewe!

Mimi nataka nini

Sipingi mkataba. Nataka mambo matatu yawekwe wazi kwa wananchi, kwa Kiswahili:

1. Treni za abiria ngapi kwa wiki zitatoka Dar, na zikipungua mwekezaji anawajibika vipi.

2. Treni za mjini za upande wa TAZARA zina nafasi gani. Reli ipo, watu wapo, Mwakanga na Yombo hazijahama.

3. Abiria atahamaje kutoka TAZARA kwenda SGR. Geji haziunganishwi leo wala kesho, lakini tiketi moja na basi la kuunganisha stesheni mbili halihitaji mkopo wa Beijing.

Wazee wetu walijenga reli hii wakati nchi ina miaka tisa tu ya uhuru, na walijua wanaijenga kwa ajili ya nani. Sisi tunaikarabati kwa mabilioni, halafu tunaona aibu kuuliza itambeba nani?

Mdau, kama umewahi kupanda treni pale, au una ndugu Mlimba, Makambako au Mbeya, shusha maoni yako. Matusi hapana, hoja ruksa.

Nawasilisha.